Barabarani Hakuna Kioo

Jina alilopewa na mama yake wanalijua watu wachache tu, na wengi wao ni wa ukoo. Mtaani wanamwita Kamera, ingawa hajawahi kupiga picha hata moja maishani mwake. Ni kinyozi. Alipewa jina hilo kwa sababu kichwa kikishapita mikononi mwake hakimtoki tena. Uhame mtaa, uoe, uzae, uote kitambi na upara, siku ukirudi ukakalia kiti chake atakupapasa mara moja na kusema, "Ebo! Si wewe mwenye uvimbe mdogo nyuma ya sikio? Ulikuwa unakaa zile nyumba za nyuma ya shule." Na ni kweli. Watu walileta binamu zao kutoka mbali ili wamjaribu, wakarudi midomo wazi.

Naye alilipenda jina hilo. Tusidanganyane hapa, alilipenda mno. Akisikia watu wanabishana nje, kama siku ya harusi ya fulani mvua ilinyesha au haikunyesha, alitoka na mashine inanguruma mkononi akakata kesi. "Ilinyesha. Na bwana harusi alivaa suti ya kijivu. Nilimnyoa mimi." Kwisha maneno, kila mtu akaenda zake.

Duka lake ni chumba kimoja. Kuna benchi la wanaosubiri, kiti cha kuzunguka ambacho ngozi yake imepasuka na kuzibwa kwa gundi ya karatasi, meza yenye mashine, mikasi, wembe na chupa ya spiriti, na ukutani kioo kikubwa kinachomeza chumba kizima. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa mkali kama pilipili, na alimpa sharti moja ambalo Kamera hakulivunja hata siku moja: usimzibie mteja kioo. "Amekuja kujiona yeye," alikuwa akisema yule mzee, "hakuja kuona tumbo lako." Kwa hiyo Kamera hunyoa akiwa nyuma ya mteja. Hata ndevu huzinyoa kwa nyuma, kichwa kimelazwa kwenye egemeo, yeye ameinama juu yake. Mkizungumza, mnatazamana humo humo kwenye kioo. Ukitaka kusema kweli, watu wake aliwajua kwa visogo, na nyuso zao alizijua kwa kioo. Barabarani ni salamu tu, na salamu haina muda wa kukagua uso wa mtu.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la dada yake mkubwa. Anauza sabuni, sukari, maziwa na soda, na huyo si dada wa kawaida. Mama yao alifariki Kamera angali mdogo, na huyu dada ndiye aliyemwogesha, akampeleka shule kwa fimbo na akamtafutia yule mzee wa kumfundisha kazi. Hata alipokuwa kinyozi mzima mwenye wajukuu, kila asubuhi alikuwa anangoja kikombe cha chai kivuke barabara kutoka kwa dada. Dada alikileta mwenyewe na kukiweka juu ya meza, kisha akamwambia vaa kola yako vizuri.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mchana, jua limewaka, wateja hakuna. Kamera alisimama mlangoni anakung'uta kitambaa cha nywele. Akasikia chupa zinavunjika ng'ambo, na kabla hajauliza kuna nini mwanamume akachomoka dukani kwa dada yake, mbio, kitu kwapani. Alivuka barabara akimjia Kamera usoni kabisa, halafu akakata kona kwenye mtaro na kupotea. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Lakini shavuni alikuwa na kovu, kutoka karibu na jicho hadi kwenye taya, na Kamera alilijua kovu lile. Mdomo ulitangulia akili.

"Fundi Friji!" alipiga kelele. "Jamani, Fundi Friji! Mkamateni!"

Akavuka barabara akiwa na kitambaa chake mkononi. Dada alikuwa ameanguka kifudifudi nyuma ya meza, katikati ya maziwa na vigae vya chupa, mkono mmoja umepindika chini yake. Simu haipo na debe la mauzo halipo. Kamera alimwinua, akamfuta uso kwa kile kitambaa chenye nywele za watu.

"Ni nani?" dada aliuliza. "Ni nani huyo?"

"Fundi Friji, dada. Nimemwona kwa macho yangu haya."

Huyo Fundi Friji alikuwa mtu wa nyumbani pale. Anatengeneza majokofu, anapita nyumba kwa nyumba na mkoba wake wa vyuma, mpole, maneno yake ya kupimiwa kwa kijiko. Kovu alilipata zamani, bomba la gesi lilipomlipukia kazini. Alikuwa ananyoa kwa Kamera tangu hana mke, na vidole vya Kamera vililijua kovu lile hata gizani. Wembe ulilizunguka wenyewe. Ila asubuhi ya siku ile ile yeye na dada walikuwa wametupiana maneno. Alikuwa ametengeneza friji la dada, likafa tena, maziwa yakachacha, na dada akamwita fundi wa kuharibu mbele za watu. Basi habari iliposambaa, mtaa mzima ukasema ehe! Lisemwalo lipo.

Polisi walimkuta nyumbani anakula. Akasema mchana ule alikuwa kwenye nyumba moja kule mlimani, anatengeneza friji, wenye nyumba wamesafiri na wamemwachia ufunguo.

"Nani alikuona huko?" askari akamwuliza.

"Mbwa wao," akajibu, naye hakuwa anatania.

Watu walicheka siku nyingi. Mbwa aje kizimbani aape!

Kamera naye aliitwa kituoni akaandika maelezo. Askari akamwuliza kovu lilikuwa shavu gani. Kamera alifumba macho, akauleta ule uso, akapitisha kidole kwenye shavu lake mwenyewe. "Hapa." Askari akatazama kidole, akaandika: kushoto. Kisha akaenda kumtazama mtuhumiwa, na kweli, kovu la Fundi lilikuwa shavu la kushoto. "Una uhakika, mzee?" Kamera aliona ni kama anatukanwa. "Bwana mdogo, uliza mtaani wananiita nani."

Basi Fundi Friji akawekwa rumande.

Kwa kinyozi habari haikai mbichi. Kila mteja aliyeingia alitaka ipikwe upya, na Kamera aliipika. Wakati dada mkono umefungwa plasta na duka ameliacha kwa binti yake, alikuja kukaa kwenye benchi la kusubiri, akasikiliza na kuitikia. "Ehe. Hapo hapo. Waambie." Mwanzoni yule mtu alikuwa amekumbatia kitu kwapani. Baada ya wiki moja akawa na mkoba wa vyuma. Halafu akavaa ovaroli. Halafu, siku moja duka limejaa na watu wanataka kucheka, Kamera akasema jamaa kabla hajatoka mlangoni aligeuka akamtazama dada, macho kama ya paka aliyekutwa jikoni. Watu wakaangua kicheko, na tangu siku ile paka hakutoka tena kwenye hadithi.

Mke wake tu ndiye aliyemshtukia. Alikuwa ameleta chakula, akasikia.

"Baba nanihii," akamwambia walipobaki wawili, "siku ya kwanza uliniambia hujui alishika nini. Juzi alikuwa na mkoba. Leo amevaa ovaroli. Kesho si utasema alibeba friji mgongoni?"

"Mambo yanakuja kidogo kidogo. Mtu akitulia anakumbuka."

"Anakumbuka au anatia chumvi?"

"Mwanamke, mimi ndiye niliyekuwapo."

"Haya. Kinyozi hajinyoi," akasema mkewe, akachukua vyombo vyake.

Kamera alikasirika siku nzima. Na nikwambie kitu, hakuwa anasema uongo. Muongo anajua ukweli uko wapi na anaukwepa. Huyu kila alipofumba macho aliiona ovaroli, aliuona mkoba, na paka wake alimwona. Ungemkata kidole angekuambia hivyo hivyo.

Kesi ilipokaribia, Fundi Friji alipata dhamana. Na siku moja kabla ya kwenda mahakamani, mchana, umeme umekatika na duka halina mtu, alijitokeza mlangoni. Amekonda. Nywele zimemfunika masikio. Nyuma yake alisimama mke wake amekunja mikono, macho makavu. Kabla Kamera hajapata neno, Fundi alikuwa ameshakalia kiti.

"Ninyoe, Kamera."

"Fundi, wewe na mimi hatutakiwi hata kuongea."

"Sikuja kuongea, nimekuja kunyoa. Kesho nasimama mbele ya hakimu, sitaki nifanane na mwizi." Akaegemeza kichwa. "Miaka yote kichwa hiki umekishika wewe. Nikanyolewe na nani mwingine?"

Kamera angekataa, lakini mikono yake ilikuwa imeshachukua kitambaa, na kile kitambaa kilikuwa kimeshamzunguka mtu shingoni. Mazoea yana taabu. Mashine haifanyi kazi bila umeme, ikabidi ashike mikasi na wembe. Na ndani mlikuwa na giza, kwa hiyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akakizungusha kiti, akamwelekeza Fundi mgongo kwenye kioo na uso mlangoni, ili apate mwanga. Yeye mwenyewe akasimama mbele yake.

Alipoinua kidevu cha Fundi aanze kumnyoa ndevu, wembe ulisimama hewani.

Kovu lilikuwa limehama.

Hakuelewa. Alirudi nyuma hatua, akatazama. Uso ni wa Fundi, pua ni ya Fundi, macho yale yale ya mtu mwenye subira, lakini kovu lilikaa upande usio wake. Uso wote ulikuwa kama nguo iliyovaliwa nje ndani. Vidole vyake vilipogusa vilisema liko pale pale lilipokuwa siku zote. Macho ndiyo yaliyokataa.

"Vipi?" Fundi akauliza.

Kamera alikizungusha kiti kuelekea kioo, akasimama nyuma, akatazama kule ndani kwenye giza. Kovu likarudi mahali pake, upande wa mkono wake wa kushoto, vile alivyolijua. Akakizungusha tena kuelekea mlangoni. Likahamia upande wa mkono wake wa kulia. Akazungusha tena.

"Kamera, mimi si gurudumu."

"Ngoja, Fundi. Ngoja kwanza."

Akafumba macho akaleta ule mchana. Mtu anavuka barabara, anamjia usoni, na kovu liko upande wa mkono wake wa kushoto, upande wa mtaro, kama lilivyo ndani ya kioo. Ndiyo maana alimtambua papo hapo bila kujiuliza. Yule mtu alifanana kabisa na Fundi wa kwenye kioo. Lakini barabarani hakuna kioo. Mtu anayekujia usoni, kovu lake likiwa upande wa mkono wako wa kushoto, basi liko shavu lake la kulia. Na shavu la kulia la Fundi Friji lilikuwa laini, halina hata chunusi.

Na si kwamba sasa alijua. Laiti angejua! Maana alipojaribu kuushika ule uso autazame vizuri, haukushikika. Ovaroli ilitoka wapi? Mkoba je? Na kama ovaroli aliishona mwenyewe kwa mdomo wake pale dukani, nani amwambie kwamba huo upande wa mtaro nao hakuushona? Alitafuta kitu kimoja tu cha siku ile ambacho hakijaguswa na maneno yake, akapata kishindo cha chupa, na mtu anakimbia, na kovu.

Alimaliza kunyoa. Alikata na kuacha, akakata na kuacha, hata mke wa Fundi akatoka mlangoni akaja kusimama karibu na wembe. Fundi alijifuta, akajitazama kwenye kioo cha giza, akasimama.

"Umeniangalia?" akauliza.

"Nimekuangalia."

"Basi kesho kaseme." Wakaondoka, na mke hakuaga.

Jioni ile Kamera alifunga duka mapema akaenda kwa dada yake. Alimkuta jikoni, mkono umeshatolewa plasta lakini umegoma kunyooka, anamenya viazi kwa tabu. Alikaa kwenye kigoda, akamweleza yote: kiti, mlango, kioo, shavu. Dada alisikiliza bila kuacha viazi.

"Kwa hiyo unasema siye."

"Sisemi siye, dada. Nasema sijui."

"Sasa wewe usijue. Mimi najua." Akaweka kisu chini. "Nilimwona mwenyewe. Aliponisukuma aligeuka akanitazama, na lile kovu lake, na macho kama ya paka aliyekutwa jikoni. Nitakisahau kile kitu?"

Yule paka alikuwa wa Kamera. Alimzaa yeye, mchana mmoja, watu wamejaa na wanataka kucheka.

"Dada," akasema polepole, "ulianguka kifudifudi. Nilipokuinua uliniuliza ni nani. Uliuliza mara mbili."

"Sikuuliza."

"Uliuliza, dada yangu. Mimi ndiye niliyekujibu."

"Unanifanya mimi mwendawazimu?" Sauti ya dada ilipanda. "Mkono wangu huu umevunjwa, nimelala hospitali, silali usiku nikisikia mlango unalia, na wewe, wewe niliyekubeba mgongoni, umekuja kuniambia sikuona nilichokiona? Mke wa Fundi amekupa nini?"

"Hakunipa kitu."

"Basi kesho utasema ulichosema polisi. Ukinigeuka mbele za watu, Kamera, usivuke tena barabara kuja kwangu."

Alimwita Kamera. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita hivyo. Kwake yeye alikuwa mdogo wangu, basi. Kamera alirudi nyumbani na kumwambia mkewe kila kitu, na mkewe, ambaye angeweza kusema si nilikwambia, hakusema. Alimpashia moto maji ya kuoga. Kamera alikaa bafuni mpaka maji yakapoa.

Unaweza kudhani mtu wa namna hiyo usiku mmoja unamtosha kupata ujasiri. Haukumtosha. Asubuhi alipovaa shati bado alikuwa na njia mbili kichwani. Aseme alivyosema polisi, dada abaki dada, chai ivuke barabara kama zamani, na pengine, nani ajuaye, Fundi akawa ndiye kweli. Au afungue mdomo. Alikaa kwenye benchi la mashahidi nje ya chumba cha mahakama, akamwona dada anaitwa, anaingia. Alipoitwa yeye, alimkuta dada ameshakaa mstari wa mbele, amemaliza kusema, uso umetulia. Kizimbani alisimama Fundi Friji, kichwa kimenyolewa vizuri, kazi ya Kamera mwenyewe.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mchangamfu, anayeona kesi imeshaiva.

"Shahidi, siku ya tukio ulimwona mshtakiwa?"

"Niliona kovu," Kamera akasema.

"Ulimwona mshtakiwa mwenye kovu."

"Hapana, bwana. Niliona mtu anakimbia, ana kovu. Uso nililetewa na mazoea. Niliuchukua dukani kwangu, kwenye kioo, nikambandika yule mtu."

Hakimu akaacha kuandika, akataka aeleze vizuri. Kamera akaeleza, mikono yake ikizungusha kiti kisichokuwapo. Nyuma watu walianza kucheka kwa chini. Mwendesha mashtaka akafunua karatasi.

"Polisi ulisema huna shaka hata kidogo."

"Sikuwa nayo. Ndicho kinachonitisha mpaka sasa."

"Na shahidi wa kwanza, dada yako wa damu, ametuambia mshtakiwa aligeuka, akamtazama kwa macho kama ya paka aliyekutwa jikoni. Naye alibandika?"

Kamera alimtazama dada yake. Dada naye alikuwa anamtazama yeye, jicho halipepesi, kama zamani alipokuwa anamsimamia ameze dawa chungu. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, wanasema. Mwenzenu alikuwa ameshajikwaa ulimi siku nyingi, na sasa ndipo maumivu yalipofika.

"Yale maneno ya paka ni yangu, mheshimiwa," akamwambia hakimu. "Niliyatunga dukani ili watu wacheke. Dada yangu alikuwa amekaa pale siku zote, mgonjwa, ananisikiliza. Yeye si muongo. Dada yangu hajasema uongo maisha yake yote. Ni mimi niliyemmiminia, na yeye akaniamini kwa sababu ni mdogo wake."

Dada alisimama, akajifunga kitenge chake vizuri kwa mkono ule mzima, akatoka. Milango ya mahakama ni mizito, na ule mkono mwingine haukuweza kuisukuma. Askari ndiye aliyemfungulia.

Fundi Friji aliachiwa. Pale nje, mke wake alikaa chini kwenye ngazi akalia kwa sauti, machozi ya miezi yote ile. Fundi alimpita Kamera, kisha akarudi.

"Ahsante siwezi kukupa," akasema. "Wanangu wameitwa watoto wa mwizi shuleni. Lakini ulichosema leo nimekisikia." Hakurudi tena kunyoa pale. Siku hizi ananyolewa na mtu wa sokoni, na Kamera akimwona kwa nyuma anapita, kisogo kimeachwa ngazi ngazi, vidole vinamwasha lakini anabaki mlangoni kwake.

Mtaani hawakumwacha. Jina jipya halikuchelewa: Mzee Sijui. Watoto wanamwuliza kwa makusudi, "Eti jana mvua ilinyesha?" naye anajibu, "Nadhani. Muulizeni na mwingine." Yule aliyempiga dada hajajulikana mpaka leo. Wateja walipungua, halafu wakarudi, maana nywele hazingoji heshima ya mtu. Jambo moja tu halikurudi. Kila asubuhi Kamera aliweka nafasi kwenye meza, kati ya mashine na spiriti, na kila asubuhi nafasi ile ilibaki tupu. Mara mbili alivuka barabara, na mara mbili binti wa dada akamwambia mama hayupo, huku wote wawili wakisikia anakohoa nyuma ya pazia.

Mvua zilikuja zikaisha. Ndipo asubuhi moja, Kamera anafagia, dada akaingia na kikombe. Alikiweka mezani mahali pake. Kisha akakaa, si kwenye benchi. Alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, uso kwenye kioo. Kamera akasimama nyuma yake, hajui ashike nini.

"Nimefikiri sana," dada akasema ndani ya kioo. "Kweli nilianguka kifudifudi. Meno haya mawili yalilegea siku ile, ningeangukaje chali? Na nimekumbuka nilikuuliza ni nani. Nakuamini, mdogo wangu."

"Dada..."

"Ngoja nimalize. Yule Fundi anapita pale kila siku. Ananisalimia vizuri, ananiita mama. Juzi amenitengenezea friji na malipo akakataa. Namjua ni mtu mwema. Lakini akiinama tu kwenye meza yangu, mkono huu unaanza kutetemeka. Nikifumba macho namwona yeye. Anageuka, ananitazama, na kovu lake, na macho yale. Nakuamini wewe, na bado namwona yeye. Kila siku." Akautazama uso wa mdogo wake humo kwenye kioo. "Wewe ndiye uliyeniwekea. Nitolee."

Kamera alizunguka kiti akaja mbele. Alipiga magoti kati ya dada yake na kioo, akakiziba chote, akaushika ule mkono uliokataa kunyooka. Alimtazama dada usoni, moja kwa moja, na akaona alama ndogo ya ndui karibu na pua ambayo maisha yake yote angeapa iko upande mwingine.

"Sijui namna, dada," akasema. "Sijui namna ya kukitoa."

Dada alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejua jibu kabla hajauliza. Kisha akainua ule mkono mzima, akamtengenezea kola.

"Kunywa chai," akasema. "Inapoa."